Mwanza inakuwa jiji janja, lakini mtaani watu hawalali. Tuongee afya ya akili

MwanaIgogo (mleta uzi)

Mwangaluka wakuu, wana Rock City wote na nyie wa ng'ambo, Sengerema, Ukerewe, Magu, karibuni. Uzi ni mrefu, atakayechoka apumzike kisha arudi.

Mwanza ya sasahivi ukikaa mwaka bila kuja unapotea. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3 na ushee juu ya ziwa. Stendi mpya Nyegezi na Nyamhongolo, soko kuu limejengwa upya pale kati, reli ya SGR ya Mwanza–Isaka inachongwa, kila nyumba ina namba yake ya anwani ya makazi, maji unatumiwa bili kwa meseji, parking unalipia kwa kontrol namba, ile namba ya malipo ya serikali. Wenye mipango wanaita jiji janja, yaani jiji linaloendeshwa kwa data, mita za kidijitali, kamera na mifumo inayosomana yenyewe kwa yenyewe. Na tunahitaji, kwa sababu sensa ya 2022 Nyamagana na Ilemela kwa pamoja tumevuka watu milioni 1.1 na wengi wetu tunaishi juu ya mawe tulikojijengea wenyewe bila ramani ya mtu.

Ila kuna kitu sijawahi kukisikia kikitajwa pale ramani zinapotandikwa mezani, ni vichwa vya hawa wanaojengewa. Utaulizwa kuhusu vumbi, utaulizwa ajira za vijana wa mtaa, utaulizwa mti wa mwembe una umri gani. Hakuna anayeuliza mama unalala usiku?

Nichukue mfano wa alama ya X, ile inayochorwa kwenye nyumba inayotakiwa kubomolewa kupisha mradi, kwa sababu kwetu tunaijua. Anakuja kijana na kopo la rangi nyekundu na brashi, hasalimii sana, anachora ukutani anaenda nyumba ya pili. Kazi ya dakika moja. Kuanzia siku hiyo ile nyumba ni yako na sio yako. Bati likitoboka huezeki upya maana utapoteza hela, plasta ikibanduka unaiacha, mpangaji wa chumba cha mbele akiona ile X anaanza kutafuta pengine, ukienda kukopa ukisema dhamana ni nyumba unaangaliwa tu. Mvua zinakuja X inafifia, watu wanaanza kusema labda wamesahau, mradi umehamishwa, mama mmoja jirani yetu akapaka chokaa juu yake. Wakarudi wakachora upya. Mume wake yule mama alikuwa fundi seremala mzuri tu, mtu wa stori, sasa ukipita usiku saa nane unamkuta amekaa uani kwenye kigoda anaangalia ukuta. Hajabomolewa mpaka leo! Hakuna tofali lililoanguka, lakini yule mtu tumempoteza tukiwa tunamuona.

Nasema mwanzoni kabisa ili tusipotezane: mimi sipingi taa, sipingi daraja wala reli. Ninachokiona kinawala watu ni kukaa bila kujua kesho utakuwa wapi, na ukitaka kuuliza hakuna mtu wa kumuuliza. Huko ndiko presha inakotoka, huko ndiko pombe za asubuhi zinakotoka, na ndoa nyingi zinavunjikia hapo hapo. Nataka kusikia kwenu pia, kila mtu aseme anachokiona alipo.

Nesi_wa_Mlimani

Asante kaka kwa kuleta hii. Nafanya kazi kwenye kituo cha afya, sitataja kipi, na nikuambie haya mambo tunayaona kila siku ila hayaji na jina lake. Hakuna mtu anakuja akasema nina sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Anakuja anasema kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio, tumbo linauma na vipimo vya vidonda havionyeshi kitu, mwili umechoka na sijabeba kitu. Unapima malaria hamna, unapima presha unakuta iko juu, unampa dawa za presha anarudi mwezi ujao yuleyule. Ukimkalisha dakika kumi tu ukamwuliza nyumbani kukoje ndo yanatoka. Mkopo. Nyumba ina X. Genge limehamishwa. Mtoto kaenda machimbo Geita hapokei simu.

Wasomi wamelipima hili, sio hisia zetu. Mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi, Peen na wenzake, walikusanya tafiti za nchi zilizoendelea wakakuta uwezekano wa mtu wa mjini kupata magonjwa ya mhemko kama sonona uko juu kwa asilimia 39 kuliko mtu wa kijijini, na ya wasiwasi asilimia 21. Mwaka uliofuata kuna wengine Ujerumani, Mannheim, wakiongozwa na Lederbogen, wao waliwaingiza watu kwenye mashine ya kupiga picha ubongo, wakawapa hesabu ngumu huku wanaharakishwa na wanaambiwa mnafanya vibaya. Waliokuwa wanaishi mjini, ile sehemu ndogo ya ubongo inayoshughulika na hofu, amigdala, iliruka juu kuliko ya watu wa vijijini. Naomba muangalie vizuri walichowafanyia wale watu: waliwaharakisha na waliwadharau. Hawakuwawekea moshi wala makelele ya magari. Ukiniuliza mimi mji unamuumiza mtu kupitia watu wenzake, na mimi naliona hilo kwenye benchi la wagonjwa kila wiki.

Kwa iyo mleta uzi uko sahihi, tusiilaumu taa.

Ngosha wa Buswelu

Wakuu mimi nitakuwa upande wa pili kidogo. Mnaongea kama maendeleo yanaleta stresi tu. Mimi kwetu ni Sengerema. Mnajua ilivyokuwa kuvuka na mgonjwa usiku? Unafika Busisi kivuko kimelala, au kipo ng'ambo, au foleni ya magari imefika juu kule, mama yuko siti ya nyuma anahema na hospitali ya Bugando unaiona kwa macho ya akili lakini hufiki. Ile hali ya kusubiri maji yakuruhusu ilitukaa kichwani ukoo mzima, mtu akianza kuumwa jioni nyumba nzima inaingia hofu kwa sababu ya saa, sio kwa sababu ya ugonjwa.

Sasahivi unapita na gari, dakika chache uko Kigongo. Mama yangu tangu daraja lifunguliwe analala. Na hapo sijagusa historia. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama hapa hapa karibu na kwetu wakafa mamia ya watu, makaburi yao yapo Igoma mpaka leo. Septemba 2018 MV Nyerere pale Ukara, zaidi ya watu 200. Kuna familia huku ziwani mtu akisikia honi ya meli tumbo linakata. Kwa hao daraja ni dawa. Tuseme yote.

MwanaIgogo (mleta uzi)

@Ngosha wa Buswelu umesema jambo zito na nalikubali lote. Hebu angalia lakini daraja limekuondolea nini hasa: limekuondolea kutokujua. Zamani hukujua utavuka saa ngapi, leo unajua. Sasa nataka hicho hicho alichopata mama yako Sengerema akipate na fundi seremala wa kwetu. Aambiwe nyumba inabomolewa mwezi fulani utalipwa kiasi fulani, au haibomolewi kabisa ezeka bati lako. Hata jibu baya lingemlaza usingizi kuliko hii hali.

Machinga Asili

Mimi nilikuwa nauza Makoroboi, pale katikati ya jiji. 2021 tulipopangwa upya nchi nzima mimi nikawa kati ya waliohamishwa, nikapewa eneo mbali na njia ya watu. Sitaki kurudia mambo ya hela maana wateja kupotea kila mtu anaelewa, nataka niseme kitu ambacho watu hawakioni.

Pale tulipokuwa tumepanga meza tulikuwa na watu. Kushoto kwangu dada wa viatu vya mitumba, kulia mzee wa soksi na vitambaa, mbele jamaa wa kava za simu. Nikitaka kwenda msikitini dada ananiangalizia meza na anauza kabisa ananipa hela yangu. Tulikuwa na mchezo, kila siku mnatoa kidogo anapokea mmoja. Mzee wa soksi alipofiwa na mke tulichukua hela ya mchezo yote tukampa na hakuna aliyelalamika. Sasa tulivyohamishwa kila mmoja akapata kizimba chake kwa bahati nasibu, dada huku, mzee kule, jamaa wa kava akaamua kurudi Kahama. Vizimba vimepangwa vizuri, vina namba, vinapendeza ukipiga picha kutoka juu. Mchezo ukafa wiki za mwanzoni tu. Mzee wa soksi alikuja kuumwa nikasikia baada ya miezi, mtu ambaye nilikuwa namuona kila asubuhi ya Mungu!

Mimi huo muda nilikuwa nasikia upweke mpaka naogopa, niko katikati ya watu mia na sina wa kumwambia leo sijauza. Nilianza kukaa kimya nyumbani, watoto wakawa wananikwepa. Kwa iyo mkisema jiji janja, mjanja angetuhamisha kwa makundi. Angeuliza nyie mnakaaje, nani na nani, akatupeleka hivyo hivyo tulivyo. Ingegharimu nini? Karatasi na kalamu.

Nesi_wa_Mlimani

@Machinga Asili pole sana kaka, na asante kwa kusema wazi kuhusu kukaa kimya nyumbani, wanaume wengi hawasemi hilo. Kuna daktari wa magonjwa ya akili Marekani anaitwa Mindy Fullilove, alifuatilia mitaa ya watu weusi iliyobomolewa kwenye miji ya kwao baada ya sheria ya makazi ya 1949, ile waliyosema wanasafisha miji. Alichokikuta ni kwamba watu walipewa nyumba kwingine lakini maumivu yalikaa nao miongo, kwa sababu waliopotezwa ni majirani, kanisa, duka la kukopa, ule mtandao mzima uliokuwa unamshika mtu asianguke. Umelieleza vizuri kuliko tulivyofundishwa darasani.

Mthamini Mstaafu

Vijana, nimeifanya kazi ya uthamini wa ardhi miaka mingi nchi hii, ngoja niwasaidie kwenye hili la X kwa sababu naona watu wanaumia na haki yao ipo kwenye karatasi.

Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inasema tathmini ya fidia ina uhai wa miaka miwili. Ikipita bila kulipwa hiyo tathmini haifai tena, inabidi irudiwe kwa bei ya sasa. Na fidia inatakiwa ilipwe ndani ya miezi sita, ikichelewa inaanza kubeba riba. Tena fidia sio jengo na ardhi tu, kanuni za 2001 chini ya Sheria ya Ardhi zinataja posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi ambayo ni kodi ya miezi 36, na kama ulikuwa unafanya biashara pale, faida ya miezi 36 nayo. Hayo yote mtu anatakiwa ayaone kwenye fomu yake na asaini akiwa amesomewa.

Kilichokuwa kinanisumbua mimi kazini ni hiki. Tukifika mtaani watu wanatuuliza swali moja tu, lini? Na sisi hatukuwa na jibu, kwa sababu anayelipa sio anayepima na aliyechora X sio anayepima wala anayelipa. Unaona mzee anakuangalia machoni anasubiri, unamwambia subiri utaitwa. Nilimwambia hivyo watu wengi sana. Leo mna mifumo ya kutuma meseji ya deni la maji mpaka senti, hiyo hiyo mifumo ishindwe nini kumtumia mtu meseji kwamba faili lako liko hatua hii, malipo yanategemewa robo hii ya mwaka? Ujanja wa jiji ungeanzia hapo mimi ningeupigia makofi.

Binti Kitangiri

Shikamoo mzee wetu Mthamini, ubarikiwe, hii nimeipiga skrini naipeleka kwa shangazi.

Mimi naongeza la baba yangu. Baba ana miaka sabini na kitu, simu yake ni kitochi. Zamani kulipa kitu alikuwa anavaa shati lake anaenda ofisini anapanga foleni, anafika dirishani anamkuta mtu, wanasalimiana, anapewa risiti anarudi amechangamka. Ilikuwa kazi, sikatai, foleni zilikuwa ndefu na rushwa ilikuwepo. Sasahivi kaletewa karatasi ina kontrol namba, tarakimu kumi na mbili zinaanza na 99. Namkuta amekaa na miwani imeshuka puani anabonyeza moja moja kwa kidole, akifika ya tisa menyu inajikata inamrudisha mwanzo. Anaanza tena. Siku moja alikosea akalipia kitu ambacho mpaka leo hatujui ni cha nani, ofisi tulizoenda wanatuambia mfumo ndo umesoma hivyo. Kila dirisha mfumo mfumo.

Tangu hapo hataki kushika simu, akisikia meseji inaingia anashtuka. Anauliza ni deni? Mtu aliyekuwa anatuhesabia mahindi ya shamba zima kichwani. Ameanza kusema mimi sasa mzigo kwenu, na mnajua mzee wa Kisukuma akianza kusema hivyo nyumbani panakuwaje.

Sisemi turudi kwenye foleni. Nasema pale kwenye ofisi ya kata awekwe kijana mmoja na meza, kazi yake kuwasaidia wazee. Mmoja tu mwenye uvumilivu.

Dev_Capripoint

Nafanya kazi za programu, sio za serikali. Dada hapo juu amegusa kitu ambacho sisi watengenezaji tunakijua na hatukisemi. Menyu ya simu ina muda, usipobonyeza haraka inajifunga, na huo muda unapangwa na watu ambao vidole vyao havitetemeki. Mzee hajashindwa, menyu ndo imetengenezwa bila yeye. Na meseji za deni zinaandikwa kwa sauti ya kutisha kwa makusudi, nimeshakaa kwenye vikao watu wanajadili kabisa sentensi gani itamfanya mtu alipe leo.

Hapo ongezeni mikopo ya kwenye simu. Mwishoni mwa 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni, na mnajua walichokuwa wanafanya, wanachukua majina yote kwenye simu yako, ukichelewa kulipa wanatuma picha yako kwa shemeji, kwa mchungaji, kwa bosi. Huko kuna watu wamefika pabaya kabisa. Jiji likishaweka kila kitu kwenye simu halafu mtu hana hela ya leo, anakopa kwenye hiyo hiyo simu. Vinakwenda pamoja hivi vitu.

Mjenzi Taifa

Mnalia lia sana jamani. Kila jiji duniani limepita huku. Angalieni Songdo ya Korea Kusini, wamejaza bahari wakajenga jiji la sensa tupu, yaani vifaa vya kunasa data kila kona, takataka zinavutwa kwa mabomba chini ya ardhi. Mkiendelea na huruma hizi tutabaki na mabanda mpaka lini?

MwanaIgogo (mleta uzi)

@Mjenzi Taifa mkuu karibu, nashukuru umeileta Songdo. Songdo ilijengwa palipokuwa na maji, hapakuwa na mtaa wa kuhamisha. Na bado waandishi waliokwenda kuongea na wakazi wamerudi na habari za mji msafi sana ambao watu wanaona una baridi ya kijamii, hujui jirani yako. Toronto kule Kanada kampuni dada ya Google ilitaka kujenga mtaa wa sensa hizo pembeni ya ziwa, ziwa kama sisi, wakazi wakauliza data zetu anachukua nani, mivutano ikawa mingi na Mei 2020 wakajitoa. Kwa iyo hata wenye hela wanauliza maswali.

Halafu sio lazima tufike Korea. Mfano uko hapa hapa kwetu milimani. Mradi wa majitaka uliokuja na fedha za Ulaya, wataalamu wangeweza kusema Igogo na Mabatini hakupitiki, bomoa. Badala yake walileta mabomba membamba yakapandishwa juu ya mawe, yanapita nyuma ya nyumba, chini ya ngazi, yanazunguka jabali yanaungana na bomba kubwa chini. Mimi niliwaona mafundi wanabishana na mama mwenye nyumba bomba lipite kulia au kushoto kwa mwembe, na wakamsikiliza likapita kushoto. Vyoo vikaacha kufurika mvua ikinyesha, watoto wakaacha kuharisha vile, na hakuna aliyepoteza jirani. Yule mama anatembea mtaani kama mwenye mradi. Na zile barabara za mawe zilizochongwa zinazopanda milimani, vilevile, vijana wa mtaa ndo waliponda yale mawe. Huo ndo ujenzi ninaoutaka na ni wa kitaalamu kweli kweli, sio mabanda.

Mama Dagaa

Mimi sina elimu kubwa ya hayo mambo ya data ila niko mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, tangu binti. Niseme la ziwa.

Sisi wa huku mtu akiwa na mawazo anaenda ziwani. Anakaa kwenye jiwe, anaangalia maji, upepo wa jioni unampiga, mitumbwi inaondoka na taa zake, moyo unashuka. Hata aliyefiwa anapelekwa akakae pale. Watoto wanaogelea, wamama tunafua tunaongea, mwenye ugomvi na mumewe anashauriwa hapo hapo na povu mikononi. Sasa nenda kaangalie pwani yetu. Ukuta, geti, ukuta, hoteli, ukuta. Njia tulizokuwa tunashukia zimezibwa moja moja, ukiuliza unaambiwa hapa ni mali ya mtu. Kijana wangu mmoja msomi akaniambia mama sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa ziwa. Mita 60! Mimi nikamwambia mwanangu hizo mita ziko wapi, nionyeshe nikakae.

Wakipanga jiji watuachie njia za kushukia. Taa waweke hapo, na viti, na mti. Sisi hatuna pengine pa kwenda kupumua, nyumba zetu chumba kimoja watu sita na bati linachoma.

Nesi_wa_Mlimani

Mama Dagaa shikamoo. Nikuambie ukweli, ulichosema nitakipeleka kwenye kikao cha kazini kesho.

Na kuhusu wamama wanaoshauriana wakiwa wanafua, Zimbabwe wamelifanya kuwa huduma. Daktari wa akili anaitwa Dixon Chibanda, mwaka 2006 kule Mbare, Harare, hakuwa na ofisi wala wataalamu, akawafundisha mabibi wa mtaa kusikiliza na kumsaidia mtu kupanga tatizo moja moja, akaweka benchi la mbao nje ya kliniki, mtu anakaa na bibi wanaongea. Wakalipima kitafiti, majibu yakatoka 2016 kwenye jarida kubwa la madaktari la Marekani, waliokaa kwenye benchi dalili zao za sonona na wasiwasi zilishuka kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Benchi na bibi! Mwanza tuna mabibi na tuna mawe ya kukalia tayari. Ukitaka kuweka taa mia barabarani, kumi ziwe juu ya mabenchi kama hayo, na bajeti ndogo ya kuwafundisha hao wamama iingie kwenye mradi tangu mwanzo kama inavyoingia ya simenti.

Mpita Njia88

Samahani wakuu naingilia. Dada nesi, mdogo wangu aliondolewa kwenye kibanda chake miezi iliyopita, ana madeni ya simu hayo hayo mnayosema, juzi aliniambia afadhali nisingekuwepo. Nimeogopa. Nimeogopa pia kumpeleka hospitali kwa sababu nasikia mtu akisema hivyo anashitakiwa.

Nesi_wa_Mlimani

@Mpita Njia88 kaka nisikilize vizuri. Kusema ana mawazo hayo sio kosa, hakuna atakayemshitaki kwa kuumwa akaja kutibiwa. Kinachotajwa kwenye kanuni ya adhabu ni kujaribu kujiua, na mimi naamini hicho kifungu kinawafanya watu wafiche ndugu zao na kinapaswa kuondoka, lakini hilo tuliache kwa leo. Leo mdogo wako asiachwe peke yake. Kaa naye, lala naye chumba kimoja. Usimwambie acha ujinga, usimwambie mbona wengine wana shida zaidi. Muulize moja kwa moja, unafikiria kujiua? Kuuliza hakumpi wazo, kunampa nafasi ya kusema. Dawa, sumu ya panya, dawa za shamba, kamba, toa ndani ya nyumba. Simu yake kaa nayo wewe kama anakubali, hao wa madeni wasimfikie usiku huu. Asubuhi mpeleke hospitali ya Sekou Toure au Bugando, mapokezi sema tunataka kumuona mtaalamu wa afya ya akili, na kama usiku huu anakuzidi usisubiri asubuhi, nenda dharura. Nimekutumia ujumbe wa pembeni.

Mpita Njia88

Nipo naye sasahivi. Amekubali twende asubuhi. Asante dada.

Machinga Asili

Mpita Njia tuko pamoja. Mwambie mdogo wako kuna mtu mwingine alipitia ya kuhamishwa na yupo hapa. Kama anauza kava au viatu niambie, kizimba cha pembeni yangu kiko wazi na mwenyekiti namjua, aje tukae wote.

Mthamini Mstaafu

MwanaIgogo, yule fundi seremala jirani yako mwambie atafute fomu yake ya tathmini aangalie tarehe. Kama imepita miaka miwili mimi nitamwandikia barua ya kuomba irudiwe, bila malipo, tuipitishe kwa mtendaji wa mtaa igongwe muhuri wa kupokelewa na nakala abaki nayo.

MwanaIgogo (mleta uzi)

Mzee shikamoo na asante sana. Nimetoka kwake sasahivi, fomu ipo, mke wake alikuwa ameihifadhi kwenye Biblia. Tarehe imeshapita miaka miwili. Nimemuona amenyanyuka kwenye kigoda akaenda kutafuta kalamu, ameniambia nikuulize hiyo barua iandikwe kwa nani.

Mkutano wa mtaa wetu ni Jumamosi asubuhi, pale chini ya mwembe karibu na ofisi ya serikali ya mtaa. Nina maombi ya kupeleka: tarehe za fidia zibandikwe ukutani, mtu wa kusaidia wazee na kontrol namba awepo ofisini, na njia za kushuka ziwani zirudishwe kwenye ramani. Mama Dagaa naomba uje uliseme hilo la mita 60 mwenyewe, mimi sitalisema kama wewe.

Mama Dagaa

Nakuja. Nitawaleta na wenzangu wa mwaloni, tukimaliza kuanua dagaa.